Uzi: Commodore ilipofilisika, nani hasa angeweza kuibeba Amiga?

#1 Mkweche500

Wakuu salaam.

Kwenye ule uzi wa kompyuta za zamani mjadala ulihama ukawa wa Amiga, kompyuta ya nyumbani ya Commodore, peke yake, na kila mtu akaja na mwokozi wake. Mmoja anasema Dell, mwingine Sony, mwingine anaapa kwamba kampuni ya PC ya Gateway waliinunua makusudi ili waiue. Nimeona tuifungulie uzi wake, tusiendelee kuwaharibia wenzetu wa kompyuta ya Spectrum.

Kwa wadogo zangu ambao hamkuikuta: Amiga ilizinduliwa New York, ukumbi wa Lincoln Center, Julai 23, 1985. Andy Warhol alikaa jukwaani akachora sura ya Debbie Harry kwenye kioo, watu wanamtazama. Bei dola 1,295, RAM kilobaiti 256, prosesa ni Motorola 68000 ya megahezi 7 na ushee. Namba hizo hazikumtisha mtu. Utamu ulikuwa kwenye chipu tatu za mhandisi Jay Miner na wenzake. Agnus anahamisha picha kwenye kumbukumbu bila kuisumbua prosesa, Denise anatoa rangi hadi 4,096, Paula anapiga sauti za stereo kwa njia nne. Juu yake kuna mfumo endeshi unaoendesha programu kadhaa kwa mpigo, kiini chake kikiwa kazi ya Carl Sassenrath, wakati ambapo mwenye Macintosh au DOS anafunga programu moja ndipo afungue nyingine. Wengi waliuonja utamu huo baadaye, toleo la A500 lilipotoka 1987 kwa bei ya nyumbani, na NewTek walipoleta Video Toaster, kifaa cha video cha kuchomeka kwenye Amiga, mwaka 1990, vituo vidogo vya televisheni Marekani vikaanza kufanya madoido ambayo zamani yalitaka mitambo ya bei mbaya.

Sasa tuje kwenye msiba. Aprili 29, 1994 Commodore ikatangaza kufilisika. Kampuni mama ilisajiliwa Bahamas, shughuli zenyewe ziko West Chester, Pennsylvania. Mirathi ikawa ya nchi mbili: mfilisi yuko Nassau, wadai wengine wako Marekani, na mambo yakaburuzwa karibu mwaka mzima. Jay Miner mwenyewe alifariki Juni 20, 1994, hata wiki nane hazijapita.

Huo mwaka mmoja ndio ninaotaka tuutazame. Watu wanabishana nani alishinda mnada. Mimi nauliza kilibaki nini cha kunadi. Kiwanda cha chipu cha Norristown, ambacho Commodore walikipata walipoinunua MOS Technology mwaka 1976, kilimegwa kikaenda kwa mameneja wake wa zamani kwa takriban dola milioni 4.3, kikafunguliwa upya kwa jina la GMT Microelectronics. Wahandisi hawakukaa kusubiri mfilisi, watu wana kodi za kulipa. Dave Haynie, aliyeijenga Amiga ya A3000, akaenda kampuni ya Scala, baadaye akashiriki kuanzisha kampuni ya PIOS kule Ujerumani. R.J. Mical na Dave Needle, wa kundi la mwanzo kabisa, walikuwa wameshaondoka miaka mingi nyuma, na mwaka 1993 kazi yao ilionekana kwenye mashine ya michezo ya 3DO.

Kwa hiyo Escom ya Ujerumani iliposhinda Aprili 1995 (kiasi hutajwa kati ya dola milioni 10 na 14, kutegemea unahesabu nini), ilichopata ni jina, hataza, michoro, haki za mfumo endeshi na mali iliyobaki maghalani. Watu hawakuwemo, wala kiwanda.

Msimamo wangu nautaja mapema ili mnishambulie vizuri: kampuni iliyokuwa na uwezo NA sababu ya kuibeba Amiga ilikuwa moja tu, Hewlett-Packard, na siku ya mnada haikuwemo miongoni mwa waliopanda dau. Chipu ya picha ya Lisa iliyomo ndani ya Amiga za A1200 na A4000 ni HP waliyoitengeneza, maana Norristown ilishaachwa nyuma kiteknolojia. Na mradi wa mwisho wa Commodore, Hombre, ulikuwa ukifanywa na Ed Hepler kwa kushirikiana na hao hao HP: chipu mbili, moja ikiwa na prosesa ya ukoo wa PA-RISC wa HP, kwa ajili ya picha za pande tatu, ikilenga mwaka 1995. Yaani mlango ulikuwa wazi kabisa. Hakuna aliyeingia.

Karibuni.

#2 NipoNaweza

Naweka kambi hapa. Kumbe Amiga haikuwa ya gemu tu.

#3 Bi_Kisauni

Kaka umeandika ukaandika, lakini Waingereza umewaruka kama hawapo. Au makusudi?

Commodore UK ndiyo tawi lililobaki linapumua baada ya mama kufa. David Pleasance na Colin Proudfoot walikusanya fedha waununue mzigo mzima wenyewe, na kwa muda mrefu wao ndio waliopewa nafasi kubwa kuliko wote. Mfadhili wao akajitoa dakika za mwisho, mnada ukawapita hivi hivi. Hawa ndio waliojua nani ananunua Amiga: mzazi anayeingia dukani Desemba akitaka kitu cha mtoto, akiuziwa kifurushi chenye mashine, kipanya, michezo miwili mitatu na programu ya kuchora. A1200 ilianza pauni 399 mwishoni mwa 1992 na ikashuka baadaye. Ulaya ndiko mashine hii ilikoishi, Uingereza na Ujerumani hasa. Marekani walishaisusa zamani.

HP wangeifanyia nini? HP wanauza printa na mashine za maofisini. Mtoto wa Leeds anayetaka gemu na mwanamuziki anayetunga kwa Paula chumbani kwake, HP hawajui hata wanapatikana wapi.

#4 Mkweche500

Bi Kisauni, sijawaruka, niliwaweka akiba nikijua lazima utakuja 😄

Hoja ya soko naikubali yote. Kuuza walijua kuliko mtu yeyote. Lakini nikuulize: mwaka 1996 wangeuza nini? Twende ndani kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi huteleza.

Kwenye PC yenye VGA (mfumo wake wa picha), nukta moja ya rangi 256 ni baiti moja. Unaandika mara moja umemaliza. Kwenye A1200 nukta hiyo hiyo imesambazwa kwenye tabaka nane za biti, kwa hiyo kubadili nukta moja tu unagusa sehemu nane tofauti za kumbukumbu. Kwa gemu za kusogeza mandhari pembeni, na kumbukumbu ghali kama ilivyokuwa 1985, ulikuwa mpango wa akili sana. Halafu Desemba 1993 ikatoka gemu ya Doom, inachora kuta nukta kwa nukta, na ile akili yote ikageuka mzigo. Commodore wenyewe walilijua hili. CD32, mashine yao ya michezo ya CD, waliiwekea chipu inaitwa Akiko yenye kazi ya kugeuza nukta za mtindo wa VGA ziwe tabaka. Kiraka hicho.

Kutoka hapo unahitaji chipu mpya. Chipu mpya ni mamilioni ya dola, wahandisi, na kiwanda cha kuipika. Pleasance na Proudfoot wangekuwa na duka zuri sana la kuuza A1200 hadi mwaka 1997. Baada ya hapo?

#5 Fundi_Lehemu

Mleta uzi hapo kwa HP nakukatalia, tena kwa hoja yako mwenyewe.

Hombre haikuwa Amiga. Chipu zake hazikuendana na zile za zamani, na Commodore walishafikiria kuendesha Windows NT juu yake, kwa kuwa kuuhamisha mfumo wa Amiga kutoka 68000 kwenda PA-RISC ilikuwa kazi ya miaka. Kwa hiyo HP wakishinda mnada, 1996 unanunua sanduku la HP lina Windows NT ndani na kibandiko cha Amiga mbele. Hapo nani kabebwa?

Ulichotakiwa kukitaja ni AAA. Hiyo ndiyo iliyokuwa mwendelezo halisi wa Agnus, Denise na Paula. Ilianza kuchorwa mwishoni mwa miaka ya 1980, bodi za majaribio zikapatikana 1993, na wakubwa wakawa wanaikata bajeti kila ikikaribia kukamilika. Irving Gould na Mehdi Ali ndio waliotuua kabla ya mfilisi kufika. AGA, yaani chipu za A1200 na A4000, yenyewe iliingia sokoni kama suluhisho la muda, muda ukawa wa kudumu.

Na mkitaka kujua nani aliibeba kweli, bila kusubiri mnada wala mirathi: phase5. Kikampuni cha Ujerumani cha kutengeneza kadi za kuongeza kasi. Motorola walishaishia kwenye 68060 mwaka 1994, ukoo umefika mwisho, wao na IBM na Apple wamehamia PowerPC. Phase5 mwaka 1997 wakatoa kadi zenye prosesa mbili kwenye bodi moja: 68k (ukoo wa 68000) kwa ajili ya mfumo wa zamani, PowerPC kwa kazi nzito. Hakuna mmiliki wa jina la Amiga aliyewaagiza. Kila kilichokuja baadaye, mifumo endeshi ya AmigaOS 4 na MorphOS, kimepita kwenye mlango ule.

#6 Mkweche500

Fundi, hoja ya Windows NT ni nzito, siikwepi. Ila ungezungumzia na phase5 ilivyoishia. Mwaka 2000 imefungwa. Nao walikuwa wanategemea wateja wa kununua kadi ya bei ya kompyuta nzima ili waichomeke kwenye mashine ya 1992. Hao wateja kila mwaka wanapungua.

#7 Mbeba_Mabox_DE

Habari za huko nyumbani. Mimi niko Ujerumani, Amiga yangu niliipata soko la mitumba la Jumapili, A1200, kibodi imekuwa njano kama meno ya mvuta sigara. Nisimulie kidogo upande wa Escom kwa kuwa hapa wazee bado wanaiongelea.

Escom ilikuwa duka la PC. Kubwa, ya pili Ujerumani nyuma ya Vobis. Walifungua kampuni tanzu, Amiga Technologies, wakampa Petro Tyschtschenko, mtu wa Commodore ya zamani, na bahati yao ni kwamba huyu bwana aliipenda mashine kwelikweli. A1200 ikaanza kutengenezwa upya Bordeaux, Ufaransa. Bei wakarudisha ile ile pauni 399, yaani kama pauni 150 juu ya ilivyokuwa miaka miwili nyuma, kwa mashine ile ile, wakati PC zimeshuka. Na kiendeshi cha flopi walichoweka ni cha PC kilichorekebishwa, baadhi ya gemu za zamani hazikubali kusomeka.

Mwanzoni mwa 1996 wakaonyesha mashine ya majaribio inaitwa Walker, 68030, umbo lake tafuteni picha mjionee, inafanana na kifyonza vumbi. Haikufika dukani. Upande wa pili Escom walikuwa wanajitanua kama wendawazimu. Uingereza walichukua maduka yaliyokuwa ya Rumbelows, zaidi ya mia mbili. Julai 1996 wakafilisika wao. Amiga haikuwaua na wala isingewaokoa, PC zilizolala ghalani bila mnunuzi ndizo zilizowamaliza.

Sasa ukiniuliza Escom ilishindwaje kuibeba, nakwambia haikujaribu kubeba kitu. Ilinunua bidhaa ya kujaza rafu.

#8 NipoNaweza

Nimetafuta picha ya Walker. Jamani 😂😂 Nani alikaa ofisini akaikubali hiyo?

#9 Mzee_Modemu

Vijana hamjambo. Nimesoma yote, mmejitahidi. Niingie kwenye Gateway kwa sababu hiyo "walinunua ili waiue" nimechoka kuisikia.

Baada ya Escom kuanguka, kwanza alikuja VisCorp wa Chicago, wanataka teknolojia ya Amiga kwa ajili ya visanduku vya televisheni. Hawakuwa na pesa ya kutosha, wakaishia kwenye matangazo. Ndipo 1997 Gateway 2000, wale wa PC zenye maboksi ya madoa ya ng'ombe, wakanunua kwa dola milioni 13. Jina la Commodore lenyewe lilienda upande mwingine kabisa, kwa Tulip wa Uholanzi, mwaka huo huo. Ona mirathi ilivyogawanyika: jina la baba huku, shamba kule.

Gateway walitaka hataza. Kampuni inayounganisha PC kwa vipuri vya wengine haina hataza zake, na siku akishtakiwa hana cha kujitetea nacho. Kwa hesabu yao hiyo milioni 13 ilikuwa bei ya bima. Lakini ndani yake alikuwepo mtu mmoja, Jim Collas, ambaye mwaka 1999 alitaka kufanya jambo la kweli: kompyuta mpya ya nyumbani, mfumo wake juu ya Linux baada ya kuuacha mfumo endeshi wa QNX. Kwa miezi michache wapenzi wa Amiga walikuwa na matumaini kuliko wakati wowote tangu 1994. Uongozi wa Gateway ukaukata mradi, Collas akaondoka, na mwisho wa mwaka ule jina na haki za mfumo vikauzwa kwa Bill McEwen na Fleecy Moss. Hataza Gateway wakabaki nazo.

Kwa hiyo anayetaka kujua nani alikuwa na pesa, ukubwa, wafanyakazi na viwanda vya kuibeba Amiga, jibu ni Gateway. Uwezo wa HP mnaousema, Gateway walikuwa nao wa kutosha kwa mahitaji ya 1999. Walichokosa ni haja nayo. Hamna kuua hapo wala kuokoa.

#10 Mbeba_Mabox_DE

Shikamoo mzee. Na hao Gateway si walinunuliwa na Acer?

#11 Mzee_Modemu

Marahaba. Naam, 2007, dola milioni 710. Hataza za Jay Miner zikasafiri nazo hadi Taiwan ndani ya droo ambayo sidhani kama kuna mtu aliifungua. Leo zimeshakwisha muda, chipu za zamani unaweza kuzinakili bila kuomba ruhusa ya hataza. Kumbuka hilo, litatufaa tukifika kwenye habari za leo.

#12 Bi_Kisauni

Mzee umenifungua macho. Naomba niongeze mfano mmoja wa kampuni iliyobebwa IKABEBEKA, tuone tofauti iko wapi.

Desemba 1996 Apple wako hoi, mfumo wao wa Macintosh umezeeka, hauna ulinzi wa kumbukumbu, jaribio lao la kuujenga upya limeanguka. Wakazungumza na kampuni ya Be, hawakuelewana bei. Wakainunua NeXT, kampuni ya Steve Jobs, kwa zaidi ya dola milioni 400. Waliochukuliwa pale hawakuwa hataza na jina. Alikuja Steve Jobs, akaja Avie Tevanian na timu yake ya programu, mfumo ukaja na walioujua kila mstari. Mac ya leo imesimama juu ya ule mfumo wa NeXT.

Linganisheni: milioni 400 na watu wake, milioni 13 na karatasi. Kwa hiyo mleta uzi hoja yako ya kwamba kilichouzwa kilikuwa maganda nakubaliana nayo. Isipokuwa jibu lako la HP silitaki bado. Kama ni kufuata watu, mrithi wa Amiga ni 3DO. Mical na Needle wale wale, fikra ile ile ya chipu maalumu za picha na sauti.

#13 Fundi_Lehemu

3DO ilitoka kwa dola 699. Hapo tu mjadala umekwisha.

#14 Bi_Kisauni

Sikusema ilifaulu. Nimesema mrithi.

#15 DogoWaRetro

Wakubwa nimejifunza mengi, sasa leo je? Nimeona Commodore imerudi mwaka 2025. Hawa hawawezi kuichukua Amiga? Na kwa nini kila nikiuliza kwenye magrupu naambiwa kuna kesi mahakamani?

#16 Mkweche500

Dogo, kaa chini, hii ni ndefu.

Commodore "iliyorudi" ni jina. Christian Simpson, wa chaneli ya kompyuta za zamani, na wenzake walinunua kampuni ya Uholanzi iliyokuwa inashikilia alama za biashara za Commodore, halafu wakatangaza Commodore 64 Ultimate, bei ikaanzia dola 299 wakati huo. Ndani kuna FPGA, chipu unayoweza kuipangia ijifanye saketi nyingine, ikitegemea bodi ya Ultimate 64 ambayo tayari ilikuwa inaheshimika kwa wapenzi wa C64. Hapo pana kitu cha kujifunza: badala ya kununua jina halafu watafute mhandisi, walimfuata mhandisi mwenye bodi inayofanya kazi. Lakini Amiga haimo kwenye mzigo huo. Waliachana tangu enzi za Escom na Tulip, kama Mzee alivyoeleza.

Upande wa Amiga: McEwen na Moss waliunda Amiga Inc., wakaacha kompyuta wakahangaika na programu za simu na vifaa vya mkononi. Kazi ya mfumo endeshi wakaipa Hyperion ya Ubelgiji. AmigaOS 4 ikakamilika 2006 kwa PowerPC. Mwaka 2007 Amiga Inc. na Hyperion wakapelekana mahakamani Marekani, wakapatana Septemba 2009, Hyperion wakatoka na haki ya kuuendeleza mfumo. Miaka mingine ikapita, jina la Amiga na haki nyingine zikaishia kwa Mike Battilana wa Cloanto kupitia Amiga Corporation, kisha wao na Hyperion wakashtakiana, kiini cha ugomvi kikiwa yale mapatano ya 2009 yalimpa nani nini. Vifaa vya PowerPC vikawa vya kampuni ya A-EON, waliotoa AmigaOne X1000 kwa prosesa ya P.A. Semi. Kampuni hiyo ilishanunuliwa na Apple mwaka 2008! Yaani mashine mpya inatoka, na mtengenezaji wa prosesa yake ameshahamishiwa kwenye kazi nyingine.

Kwa hiyo ukiniuliza kampuni gani leo inaweza kuibeba: kati ya wenye karatasi, hakuna anayeweza peke yake, kwa sababu kila mmoja ana kipande ambacho mwenzake anakihitaji.

#17 Mzee_Modemu

Na mwangalie wenzenu wa Acorn. Kompyuta ya nyumbani ya Uingereza, rika moja na Amiga, kampuni ikavunjwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Mfumo wao wa RISC OS nao uligawanyika matawi mawili, ugomvi ule ule. Mwaka 2018 kampuni mpya ikanunua haki, ikauachia msimbo wake kwa leseni huria ya Apache. Leo unaupakua bure unauweka kwenye Raspberry Pi yako mwenyewe, na prosesa ni ARM, ya ukoo ule ule uliozaliwa ndani ya Acorn. Hakuna tajiri aliyeibeba RISC OS. Waliacha kugombana tu.

#18 Fundi_Lehemu

Hapa ndipo tunapokutana wote. Mzee amegusia hataza zimekwisha muda. Kwa sababu hiyo kazi ya kweli ya Amiga miaka hii iko kwa watu wa vifaa. Apollo wametengeneza prosesa mpya ya ukoo wa 68k kwenye FPGA, wanaiita 68080, inakimbia kuliko 68060 yoyote. MiSTer, mashine nyingine ya FPGA, inaigiza A1200 nzima. Na mimi ninayoipenda kuliko zote ni PiStorm, kwa sababu ni ya mtu wa kawaida.

Niwaeleze inavyowekwa. Unafungua A500, unaing'oa 68000 taratibu kwa bisibisi bapa, upande huu kidogo upande ule kidogo, la sivyo unapinda miguu yote 64. Kwenye soketi unachomeka kadi ya PiStorm, juu yake Raspberry Pi. Pi inajifanya ndiyo prosesa. Ukiwasha, Agnus na Denise hawajui kama kuna kilichobadilika, wanaendelea na kazi yao ya 1987, huku programu zinaenda kasi ambayo Commodore hawakuiota. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na kadi za phase5 zinazouzwa leo kwa wakusanyaji.

Hii nayo si kampuni. Michoro iko wazi, kila nchi kuna mtu anaagiza bodi, analehemu, anauza.

#19 DogoWaRetro

Kwa hiyo mkuu jibu la uzi ni "hakuna kampuni"?

#20 Mkweche500

Kwa 1994 jibu langu linabaki HP, ila kwa sharti ambalo Fundi amenilazimisha niliweke: wangeingia kabla ya Norristown kumegwa na wahandisi kutawanyika, na wangechukua timu ya mfumo endeshi pamoja na ya chipu. Bila hiyo timu unapata ile Windows NT yake. Kwa 1999 ni Gateway chini ya Collas. Kwa leo, mwenye jina na mwenye mfumo wakipatana wakafanya kama RISC OS, hawa kina Fundi watamalizia kazi bila kuombwa.

Dell, Sony na wengine mliowataja mimi siwaoni. Dell walijitokeza mnadani dakika za mwisho, lakini biashara yao ilikuwa PC kwa simu na kwa katalogi.

#21 Bi_Kisauni

Na CD32? Mbona hamjaisema? Ile si ndiyo ingeweza kuwalipia madeni?

#22 Mbeba_Mabox_DE

CD32 ni habari ya kusikitisha dada. Septemba 1993, pauni 299, ya biti 32 na diski za CD, wakati PlayStation hata Japani haijafika. Uingereza ikapokelewa vizuri. Marekani haikuingia kwa sababu ya hataza ya Cad Track, ile ya kutumia hesabu ya XOR kuchora kishale kwenye kioo. Walidaiwa dola milioni 10, hawakuwa nazo, mahakama ikazuia bidhaa zisiingie. Mzigo ukabaki kiwandani Ufilipino. Fikiria: kampuni yenye chipu zile zote imezuiwa mpakani kwa sababu ya kishale.

#23 DogoWaRetro

Daah.

Swali la mwisho wakuu. Kuna jamaa ananiuzia A500, ina ile kadi ya RAM ya kuchomeka chini, haijawashwa miaka mingi. Anasema niiwashe tu nijaribu mbele yake. Nifanye hivyo?

#24 Fundi_Lehemu

Usiwashe kwanza. Igeuze, fungua kifuniko cha chini, itoe hiyo kadi. Kama ni A501 ndani ya bati lake kuna betri ya duara kama pipa dogo. Ikiwa imevuja utaona ukungu wa kijani na weupe kwenye njia za shaba, na mara nyingine imeshatambaa hadi kwenye pini za bodi mama. Hiyo betri ikate itupe, saa ya mashine huihitaji. Kapasita za A500 kwa kawaida ni za miguu, zinavumilia. Anayekuuzia A600, A1200, CD32 au A4000 ambayo haijabadilishwa kapasita, punguza bei papo hapo. Zile za kubandikwa juu ya bodi zinavuja kimyakimya, na ukizigusa na pasi ya lehemu zinatoa harufu ya samaki aliyelala.

Halafu pima umeme wa adapta kabla ya kuichomeka. Volti 5 ziwe 5 kweli. Ikizidi unazichoma hizo Agnus na Paula tulizoziimba hapa kurasa mbili nzima.